MTOTO ANAYEHARISHA DAMU: CHAKULA KINAPOKUWA DAWA



Hapa Kisangani mtoto akiharisha damu, tunasema: amiba. Mara nyingine ni kweli, na dawa inamponya. Lakini kama amemaliza dawa, tumbo lingali linauma juma kwa juma, kilo zinapungua na urefu hauongezeki, msinunue tena vidonge vile vile sokoni. Mleteni hospitali. Munganga atatafuta kwanza amiba, minyoo, na kifua kikuu cha matumbo, kwani hicho kinafanana sana na ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa New York mwaka 1932.

Katika Crohn matumbo yanavimba na kutoka vidonda. Kwa mtoto, dawa ya kwanza yaweza kuwa maziwa maalum ya hospitali, yenye kila kitu mwili unachohitaji. Anakunywa hayo peke yake majuma 6 hadi 8. Hakuna lituma, hakuna sombe. Ni vigumu, hasa sahani ya ndugu zake ikipita mbele yake! Lakini mara nyingi uvimbe unatulia bila kortizoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu inazuia mtoto kukua. Maziwa ya unga ya dukani hayafanyi kazi hiyo.

Mkingoja majibu, msimnyime chakula kwa kuogopa kuhara. Mpeni uji mzito wa mchele wenye mafuta, yai au samaki aliyepondwa, kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku.