Kusoma kwa Mtandao: Tujipime Kabla ya Kulipa Ada

Zamani aliyesoma mbali na darasa aliletewa masomo kwa posta. Siku hizi masomo huja hata kwa simu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, nacho hufundisha kwa intaneti. Je, masomo ya namna hii yanatufaa?

Ada ni jasho letu. Basi, kabla ya kuuza mahindi, tujipime kwa wiki 2. Kila jioni tusome saa 1 kwa simu, bila kusukumwa na mtu. Kisha tujibu katika daftari:

1. Tumesoma siku ngapi?
2. Mtandao ulishika? Bando na chaji vimekula shilingi ngapi?
3. Tulipokwama, tulimwuliza nani?
4. Watu wa nyumbani walitupokea kazi?

Darasani kengele hutuita. Kwenye simu hakuna kengele. Aliyesoma siku nyingi, na gharama anaimudu, aanze. Aliyesoma siku 3 tu si mjinga, ila anahitaji mwalimu na wenzake. Huyo atafute darasa la jioni lililo karibu.

Zungumzeni nyumbani: nani atachota maji mama akisoma?