Tone na Kijiko: Mafuta ya Viungo katika Keki za Nyumbani

Katika vilima vya Kamachumu, wilayani Muleba, keki imekwisha kuwa sehemu ya sherehe kama zilivyo ndizi na kahawa. Ubatizo, kipaimara, kumuaga bibi harusi, siku ya kuzaliwa: kila shughuli ina mwanamke mmoja au wawili jirani wanaojulikana kwa kuoka, wengi wao kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Kwa miaka mingi harufu ya keki hizo ilitoka katika kichupa cha arki ya vanila cha dukani. Siku hizi vimeingia vichupa vya namna nyingine: mafuta ya karafuu, ya mdalasini, ya mnanaa, ya mchaichai. Ni vizuri, vinanukia kuliko arki, na vinaonekana vya asili. Tatizo ni kwamba mapishi hayakubadilika. Daftari la mwokaji bado linasema “kijiko kimoja cha chai”, na kijiko hicho kiliandikwa kwa ajili ya arki.

Arki na mafuta ni vitu viwili mbalimbali. Arki ya dukani ni kiasi kidogo cha kitia ladha kilichoyeyushwa katika maji, spiriti au propileni glaikoli. Sehemu kubwa ya kilichomo kichupani ni kiyeyushi. Mafuta ya viungo hayana kiyeyushi. Hupatikana kwa kukenekwa: mvuke hupitishwa katika majani, magome au vikonyo, ukabeba chembe zinazonukia, kisha ukapozwa, na mafuta yakatengana na maji. Huko Wawi, Pemba, kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar hukeneka makonyo ya karafuu kwa njia hiyo. Magunia ya makonyo huingia, na yatokayo ni mafuta machache mno yakilinganishwa na mzigo ulioingia. Kwa hiyo anayeshika kichupa cha mafuta ya karafuu ameshika rundo kubwa la karafuu kuliko ambalo mpishi yeyote angethubutu kulitia katika chungu kimoja cha pilau.

Hesabu ya karafuu inafaa kufanywa polepole, kwa kuwa ndiyo mafuta yanayopatikana zaidi majumbani. Wengi huyaweka kwa ajili ya jino linalouma. Kiini chake ni eujenoli, ambayo kwa kawaida ni kama sehemu nne katika tano za mafuta hayo. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO kuhusu viungio vya chakula iliweka kiwango kinachokubalika kwa siku kuwa hadi miligramu 2.5 za eujenoli kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mtoto wa kilo 12 hufikia kiwango chake kwa miligramu 30. Mtu mzima wa kilo 60, kwa miligramu 150. Tone moja la mafuta ya karafuu lina eujenoli ya miligramu 30 hivi, au zaidi kidogo. Yaani tone moja tu, likilambwa peke yake, humaliza fungu la siku nzima la mtoto huyo.

Ieleweke kwamba kiwango hicho kimewekwa kwa anayekula kitu kila siku maisha yake yote, na kukivuka mara moja si kupata sumu. Lakini tofauti ya vipimo viwili inatisha. Keki yenye matone mawili, ikikatwa vipande 20, humpa kila mlaji miligramu tatu hivi. Keki hiyo hiyo ikitiwa kijiko cha chai, yaani mililita 5, imepokea gramu nne hivi za eujenoli, na kila kipande hubeba karibu miligramu 200. Kwa mtoto wa kilo 12 hiyo ni zaidi ya mara sita ya fungu lake, na hata mtu mzima amepita. Keki ya namna hiyo huchoma ulimi kisha huutia ganzi, na mtu mzima ataitema. Mtoto aliyepewa kipande chenye sukari nyingi juu huenda akaendelea, na baadaye akalalamika tumbo au akatapika. Mwokaji naye atadhani mayai yalikuwa mabovu.

Kati ya keki yenyewe na aisingi, ya kuogopewa zaidi ni aisingi. Ndani ya jiko, joto hurusha sehemu ya mafuta. Ndiyo maana nyumba nzima hunukia. Aisingi haipikwi, basi kilichotiwa chote hubaki. Isitoshe, mafuta hayachanganyiki na maji. Aisingi ya sukari na maji au maji ya ndimu ikidondoshewa mafuta mwishoni, matone hujikusanya mahali pamoja, na mlaji mmoja hupata sehemu ya wenzake wote. Njia iliyo sahihi ni kuyachanganya kwanza na siagi, au kuyasugua katika vijiko viwili vitatu vya sukari kavu, kisha ndipo mchanganyiko huo uingizwe katika aisingi. Kwa keki ya kilo moja ya unga, aanze na tone moja, aonje, aongeze la pili. Matone yahesabiwe juu ya kijiko kitupu, kamwe si moja kwa moja juu ya bakuli, maana mkono ukitetemeka hakuna wa kuyarudisha.

Mafuta mengine yataelezwa kwa ufupi. Ya mdalasini huunguza utando wa kinywa, na yale yanayokenekwa kutoka majani ya mdalasini yana eujenoli nyingi kama ya karafuu, hivyo hesabu ya juu inayahusu. Mnanaa hulegeza mlango wa juu wa tumbo, na mgonjwa wa kiungulia ataujutia usiku. Mafuta ya mkaratusi na kafuri hayana nafasi katika chakula cha nyumbani hata kwa tone, kwani yote mawili husababisha degedege kwa watoto. Vivyo hivyo mafuta ya kuchua yenye methili salisileti: kijiko kimoja cha chai cha kemikali hiyo halisi ni sawa na gramu 7 hivi za aspirini, yaani vidonge zaidi ya 20 vya miligramu 300. Mafuta ya waridi ya kujipaka nayo si arki ya waridi. Kichupa kisicho na maandishi yanayosema ni cha chakula hakiingii jikoni, na kwa Tanzania Bara ukaguzi wa usalama wa chakula umekuwa chini ya TBS tangu 2019. Anayetumia warfarini ni bora aachane kabisa na mafuta ya karafuu, kwa kuwa eujenoli huzuia chembe sahani za damu kugandana.

Watu wa Kamachumu wana njia nyingine iliyo karibu nao zaidi. Vanila hulimwa Kagera, Muleba ikiwamo, na maua yake huchavushwa kwa mkono, moja moja. Ganda moja la vanila iliyokaushwa vizuri, likipasuliwa na kufukiwa katika mtungi wa sukari kwa wiki mbili, huitia sukari yote harufu, na sukari hiyo haihitaji tone wala kijiko cha kitu kingine. Itambulike pia kwamba vanila haikenekwi kwa mvuke kama karafuu. Kichupa kiitwacho “mafuta ya vanila” kina kitu kingine ndani yake.

Linabaki suala la kichupa chenyewe, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mwokaji hufanya kazi mtoto akiwa mgongoni au miguuni, na kichupa kidogo chenye harufu ya peremende huwa kimefunguliwa juu ya meza. Taarifa za kitabibu zilizochapishwa zinaeleza watoto wa umri wa miaka miwili au chini yake waliomeza mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu: walipoteza fahamu, wakapata degedege, sukari ya damu ikashuka, kisha ini likaharibika na damu ikashindwa kuganda. Kiasi hicho ni kijiko kimoja au viwili vya chai.

Mzazi asimtapishe mtoto, asimpe maziwa wala mafuta ya kula kama ilivyozoeleka. Mafuta ya viungo yakirudi juu huteleza hadi mapafuni na kuyaunguza. Amfute mdomo, achukue kichupa kile kile, na aende hospitali mara moja; kwa wakazi wa Kamachumu, Ndolage iko karibu. Asisubiri dalili, maana usingizi mzito unaweza kuanza ndani ya nusu saa.

Mhudumu wa afya anayepokea mtoto mwenye degedege bila homa, au aliyelegea ghafla siku ya sherehe, anuse pumzi yake na aulize ni nini kilichokuwa jikoni. Njia ya hewa hutangulia. Sukari ya damu ipimwe papo hapo, na ikiwa chini, apewe glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, kwa mshipa. Kuosha tumbo hakufai, na mkaa wa dawa haupendekezwi kwa mtoto anayeweza kupoteza fahamu. Kwa mafuta ya karafuu, asetilisisteini imetumika kwa utaratibu ule ule wa sumu ya parasetamoli, kwa kuwa ini huumia kwa namna inayofanana. Uamuzi huo ufanywe mapema, kwa kushauriana na hospitali ya rufaa. Vipimo vya ini na vya kuganda kwa damu virudiwe baada ya saa 24, hata kama mtoto amekwisha kuamka na kudai chakula.