Kitovu ulichokificha ni cha bibi yake pia

Shangazi,

Nina mtoto mmoja, binti wa miaka tisa. Kabla yake mimba mbili ziliharibika. Nilipojifungua, mama mkwe alitoka Muheza akaja kunilea arobaini yangu hapa Tanga. Kitovu cha mtoto kilipodondoka alikiulizia, nikamwambia kimepotelea kwenye maji ya kuogea. Haikuwa kweli. Nilikifunga kwenye kitambaa nikakitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikalificha kabatini nyuma ya nguo. Baadaye nikaongeza nywele kidogo za akika, utepe wa jina aliofungwa mkononi hospitali, kadi yake ya kliniki, na sasa meno matatu ya utoto. Mwezi uliopita tukihama nyumba, mume wangu akalifungua kopo, akamsimulia mama yake. Mama anasema nimemfunga mwanawe kwa dawa na anataka vyote vichomwe moto. Mume hanigombezi, ila siku hizi chakula nikipakua anakitazama kwanza. Mimi si mchawi, Shangazi. Nifanye nini?

Mama Z, Tanga

Mwanangu, la kwanza, usichome chochote. Ukichoma, watasema umeharibu ushahidi, na wewe utakuwa umepoteza vitu ambavyo hakuna duka linaloviuza.

Nimekuelewa vizuri ulipotaja zile mimba mbili. Zilipoondoka hukuachiwa hata uzi wa kushika. Huyu wa tatu alipofika salama, kila kilichomtoka ulikiokota kwa sababu moyo ulikuwa haujaamini kwamba atakaa. Uchawi haumo humo, na mumeo, aliyekuwa nawe katika misiba ile miwili, ana wajibu wa kulisema hilo mbele ya mama yake kwa kinywa chake mwenyewe. Kunyamaza kwake kunakuumiza kuliko maneno ya mkwe.

Wala si wewe peke yako duniani. Japani, kitovu kilichokauka hutiwa ndani ya kiboksi kidogo cha mbao, na hospitali nyingi humkabidhi mama akaenda nacho nyumbani kukihifadhi. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa na pini ya dhahabu ya kifuani iliyopachikwa jino la utoto la binti yake mkubwa, lililong'oka mwaka 1847. Hayo nakutajia ili mumeo ayasome.

Sasa nije kwa mama mkwe, na hapa utanivumilia. Katika kopo lako kosa ni moja tu: ile sentensi ya maji ya kuogea. Wewe ni mtu wa pwani, unajua kitovu kwa wazee wetu ni nini. Huzikwa nyumbani, mara nyingi chini ya mnazi au mti mwingine wa matunda, na mti ule huwa wa mtoto. Hapo ndipo anapopaita kwao hata akikulia mbali. Tena huzikwa kwa kuwa wazee wanaamini kilichotoka mwilini mwa mtu, kiwe kitovu, nywele au kucha, kikiangukia mikono mibaya kinaweza kumdhuru. Uiamini imani hiyo au usiiamini, mkweo anaiamini. Basi hesabu mwenyewe: miaka tisa bibi huyu amelala akidhani kitovu cha mjukuu wake kimezagaa kusikojulikana. Kila homa ya mtoto ilimtia hofu. Leo anaambiwa kilikuwa kabatini kwako muda wote. Angewaza nini zaidi ya hicho alichokiwaza? Hasira yake imebeba woga wa miaka tisa, na aliyemtwika ni wewe.

Kwa hiyo kitovu kipeleke Muheza. Hakijapitwa na wakati. Kilichokauka vizuri hukaa miaka. Nendeni watatu, wewe, mumeo na binti, na kopo lote mlichukue, alifungue bibi mwenyewe atazame kimoja kimoja. Mwambie ulidanganya, umwambie na sababu. Huenda habari za zile mimba mbili hajawahi kuzisikia kwako kwa kirefu. Kisha mwombe achague mahali, na binti ashike jembe pamoja naye. Mbele ya baba na bibi, shaka ya dawa itakosa pa kukaa.

Nywele za akika hazina ugomvi. Uzito wake katika fedha bila shaka mlishautoa sadaka siku ile ya saba. Wengi huzizika, bibi akipenda ziende pamoja na kitovu, mkubalie. Usishindane naye kwa nywele.

Utepe wa hospitali ni wako, uweke. Kadi ya kliniki itoe humo leo. Hiyo ni kumbukumbu ya chanjo na tarehe ya kuzaliwa, mahali pake ni pamoja na cheti cha kuzaliwa, na wino hufifia kwenye joto na unyevu wa Tanga.

Meno sikuamulii mimi wala bibi. Mwenye meno ana miaka tisa, anaweza kusema. Meno ya utoto ni ishirini, kwa hiyo bado ana mengi ya kung'oka. Muulize linalofuata alirushe juu ya paa kama watoto wenzake au akupe wewe. Akikataa yasiwekwe, umsikilize. Akikubali, yaoshe, yakauke kabisa, uyatie kwenye bahasha ya karatasi. Ndani ya nailoni yatapata ukungu. Na kopo lisirudi kabatini nyuma ya nguo. Liweke sebuleni, mumeo alione kila siku.

Nenda Ijumaa hii, mwanangu. Na radhi usimtume mumeo akuombee. Mama mkwe anataka kuisikia kwako.