Fungu la Dada Mwenye Ulemavu

Ndugu zetu Waislamu, somo letu la leo ni haki ya mwanamke mwenye ulemavu, nyumbani na katika mambo ya umma.

Natuchukue mfano. Baba amekufa hapa Kombani, ameacha shamba la minazi, wana wawili wa kiume na binti mmoja asiyekwenda ila kwa magongo. Hapana mrithi mwengine. Baada ya deni na wasia, fungu la binti ni moja katika matano. Ndugu zake wasema: "Dada hawezi shamba, sisi tutamlisha." Fungu lake laingia katika yao, naye hakuulizwa. Watu huwasifu kwa huruma yao. Lakini huruma inayokula haki ya mtu ni dhuluma.

Aya ya 7 ya Surat An-Nisaa imethibitisha fungu la wanawake katika kilichoachwa na wazazi na jamaa, kiwe kichache au kingi; hapakutajwa mguu wala jicho. Wako watakaoshika aya ya 5, inayokataza kumkabidhi safihi mali. Jibu letu ni kuwa usafihi ni upungufu wa akili katika kutumia mali, si upungufu wa kiungo. Na hata huyo safihi imeamrishwa alishwe, avishwe na asemezwe kwa wema. Haikusemwa mali yake iwe ya msimamizi. Aliyenyimwa fungu lake aweza kwenda kwa Kadhi, ambaye Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, imempa kuhukumu mirathi ya Waislamu.

Tutazame mwendo wa Mtume (S.A.W.). Abdallah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu. Mtume hakumpa sadaka tu, alimpa kazi: akawa muadhini pamoja na Bilal, na akaachwa Madina kuwa naibu Mtume alipotoka safari. Na Khaula binti Thaalaba alipomshtaki mumewe hakunyamazishwa. Surat Al-Mujadila yaanza kwa kutaja kuwa Mwenyezi Mungu ameyasikia maneno yake.

Ama mambo ya umma, kifungu cha 54 cha Katiba hiyo chataka mwenye ulemavu aheshimiwe na aweze kutumia vyombo vya usafiri. Kifungu cha 98 kimeweka katika Seneti viti viwili vya kuwawakilisha, kimoja cha mwanamume na kimoja cha mwanamke. Seneta Crystal Asige, asiyeona, ndiye aliyepeleka mswada uliokuja kuwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025. Nao watu wa Kwale walimchagua mwanamke, Fatuma Achani, kuwa gavana mwaka 2022. Asiseme mtu kuwa hawawezi.

Lakini sheria haitafika Kombani peke yake. Ikiwa matatu ya kupanda Kwale yampita dada kituoni kwa kuona magongo, na ikiwa siku ya kura nduguye ndiye anayemchagulia, sheria imebaki karatasini. Msaidizi wa kura humchagua yeye mwenyewe dada, na kura ni yake.

Basi kabla ya darasa lijalo, kila mmoja wetu amwulize dada, mama au jirani wa namna hii: Fungu lako liko wapi? Nani alikuchagulia kura? Kizingiti gani cha msikiti wetu kinakuzuia? Kisha tumsikilize, wala tusimjibie.

Wabillahi tawfiki.