Somo la Vikundi: Blanketi la Viraka Tulimalize Wenyewe



Somo la leo ni la sindano na uzi. Akina baba msiruke ukurasa huu, kwani mtaona mbele kwamba nanyi mna kazi yenu.

Tunataka tuzungumze juu ya blanketi la viraka, lile ambalo Kiswahili cha vitabu hulijua kama mfarishi. Vikundi vingi vimeshajifunza kuunga viraka. Mabaki ya fundi wa nguo, yunifomu za shule zilizobana, shati la mitumba lililopasuka kola, vyote hivyo vimeungwa vikawa uso mzuri wa blanketi. Taabu iko kwenye hatua ya mwisho, ile ya kushika uso, ujazo wa katikati na bitana ya chini, na kuvishona pamoja viwe kitu kimoja. Hapo wengi huchoka. Na hapo ndipo sisi wenyewe tuliwahi kutoa ushauri mbaya, kwa hiyo hebu tuanze na kosa letu.

Kulikuwa na kikundi kimoja cha akina mama huko juu Kinangop, ambako baridi ya Julai haina mzaha. Kufikia mwisho wa mwaka walikuwa na nyuso kumi na moja zimeungwa, zimekunjwa, zimewekwa ndani ya gunia. Tukawaambia, "Hii kazi iliyobaki ni ndefu mno, itawamaliza. Pelekeni mjini kwa mwenye mashine awashonee haraka, ndipo tuuze." Tuliona tunawaokolea wakati.

Mashine ilimaliza kwa siku chache. Lakini hesabu ilipopigwa, zaidi ya nusu ya pesa tuliyotarajia ilikuwa imeishia huko mjini. Hilo peke yake tungelivumilia. Lililotuuma ni lingine. Mama mmoja mzee alikuwa ameunga blanketi lake kwa kanda ndefu, kila kanda kutoka yunifomu ya mtoto wake mmoja. Ukanda wa pembeni kabisa ulikuwa wa kijana wake wa kwanza, ambaye hayuko nasi tena. Kule mjini waliponyoosha kingo ili blanketi liwe sawasawa, waliukata ule ukanda karibu wote. Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na kile kilichokatwa kiko wapi?" Tulirudi kuuliza. Kilikuwa kimefagiliwa.

Fundi hakuwa na ubaya. Yeye aliona kingo zisizonyooka, akafanya kazi yake. Sisi ndio tuliopeleka kwa mgeni kitu ambacho mgeni hangeweza kukijua.

Baada ya hapo tulikaa na kikundi tukajiuliza kama kweli hatua hii ni ngumu vile tulivyodhani. Tulipotafuta watu walioifanya kwa miaka mingi bila mashine, tukakutana na habari za akina mama wa Gee's Bend, huko Marekani, na zilitufundisha mengi.

Gee's Bend ni kijiji katika jimbo la Alabama, mahali ambapo mto Alabama hujikunja ukakizunguka pande tatu. Watu wake wengi ni kizazi cha watumwa waliolimishwa pamba papo hapo, na wengi wangali na jina la Pettway, lililokuwa jina la mwenye shamba. Utumwa ulikwisha mwaka 1865, umaskini haukuisha. Walilima kwa kugawana mazao na mwenye ardhi, na mwaka 1932 walinyang'anywa mifugo, vifaa na hata chakula kwa sababu ya deni. Nyumba zao za mbao zilipitisha upepo. Basi akina mama walishona mablanketi kwa nguo za shamba zilizochakaa na magunia ya kitambaa, wapate kuwafunika watoto. Mama mmoja, Missouri Pettway, alipofiwa na mume wake alichukua nguo za kazi za marehemu akazishona blanketi. Hiyo ilikuwa mwaka 1942. Magoti ya suruali zile yamepauka, na kupauka kwenyewe ndiko kumekuwa pambo. Blanketi hilo leo limehifadhiwa katika National Gallery of Art, Washington. Tulipomsimulia yule mama wa Kinangop habari hii alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo tungeelewana."

Sasa angalieni jinsi walivyogawana kazi. Kuunga viraka, kila mama alifanya kwake nyumbani, kwa macho yake na mawazo yake. Jirani hakumwelekeza. Lakini uso ukiwa tayari, waliitana. Walikwenda nyumba hadi nyumba, leo kwa huyu kesho kwa yule, wakakaa kuzunguka fremu moja na kushikanisha pamoja huku wakiimba na kuongea. Tulipolisikia hilo tuliona aibu kidogo. Hatua tuliyoitoa kwa mashine ndiyo hasa ile ambayo wenzetu waliifanya kuwa ya ushirika. Tulikiacha kikundi na ile sehemu ya upweke, tukaiuza ile ya kukaa pamoja.

Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee. Ulikuwa wakati mgumu, maana watu weusi waliokwenda kujiandikisha kupiga kura walifukuzwa kwenye ardhi waliyolima. Kasisi mmoja wa Kianglikana, Francis X. Walter, alisaidia mablanketi yao yauzwe kwa mnada New York. Baadaye, mwaka 1972, ushirika ulipata oda kubwa ya kampuni ya Sears, kushona foronya za kodroi, kile kitambaa chenye mistari iliyonyanyuka. Oda ilileta mshahara wa hakika, na hilo si jambo dogo. Lakini foronya zilitakiwa kufanana zote, na akili ya mtu haikuhitajika. Akina mama wakabeba mabaki ya kodroi nyumbani, na usiku wakashona mablanketi ya kwao jinsi walivyotaka. Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalionyeshwa katika jumba la makumbusho la sanaa la Houston, na mwaka 2006 kumi kati yake yalichapishwa kwenye stempu za posta za Marekani. Ushirika wenyewe ulifungwa mwaka 2012. Kushona bado kunaendelea kijijini.

Basi tuingie kwenye kazi. Haya tunayoyaeleza ni yale tuliyojaribu na kikundi kile, na makosa yetu yamo.

Fueni vitambaa vyote kwanza, kwa maji ya moto, kabla ya kukata. Kitambaa kipya cha pamba hurudi kikifuliwa, na chekundu huchuja rangi. Msichanganye kizito kama jinzi na chepesi kama cha leso katika uso mmoja, kwani kizito humrarua mwenzake. Kwa anayeanza, kateni viraka vya mraba vya sentimita 15 kila upande. Mkiacha sentimita moja ya mshono kila upande, kiraka kitabaki sentimita 13. Viraka 12 kwa upana na 16 kwa urefu, yaani 192 kwa jumla, vitatoa uso wa karibu sentimita 156 kwa 208. Huo unatosha kitanda cha futi tatu kwa sita na kuning'inia pembeni.

Ujazo wa katikati si lazima ununue pamba ya dukani. Blanketi kuukuu lililochakaa linafaa sana, hata likiwa na matundu, bora matundu yazibwe kwanza. Sweta kuukuu zikifumuliwa mishono na kuungwa bapa zinafaa pia. Bitana iwe kipande laini, shuka la mitumba kwa mfano, nayo izidi uso kwa sentimita tano kila upande.

Tandikeni bitana chini, upande mzuri ukiangalia ardhi, ivuteni pembe zote inyooke. Juu yake ujazo. Juu kabisa uso. Kisha pigeni bandi. Jamani, bandi! Wengi huona ni kupoteza wakati kwa sababu itafumuliwa, na sisi mara ya kwanza tuliipiga michache tu. Tulipogeuza blanketi, bitana ilikuwa na mikunjo kama uso wa nyanya yangu. Anzeni katikati mwende nje, mistari ya bandi iachane kiganja kimoja, kwa urefu na kwa upana. Alasiri nzima ikiisha kwa bandi, haikupotea.

Fremu ndiyo kazi ya akina baba tuliyoitaja. Mbao nne au fito nne zilizonyooka, mbili ndefu na mbili fupi, zifungwe kwa kamba kwenye pembe na kuegeshwa juu ya viti vinne. Blanketi lishonewe kingo zake kwenye mbao, likazwe lakini lisiwe ngoma. Nyumba ikiwa ndogo, fanyeni kama watu wengi wa kusini mwa Marekani walivyofanya zamani. Walitundika fremu kwenye dari kwa kamba nne, wakaishusha wakati wa kazi na kuivuta juu wakati wa kulala. Seremala mmoja aliyekuja kutufungia fremu alikaa chini kuonja sindano, na mpaka leo haachi kuja siku za Alhamisi.

Mshono wenyewe ni ule wa kawaida wa kwenda mbele, unaoshuka kupitia matabaka matatu na kupanda tena. Tumieni uzi imara, mmoja mmoja, usiozidi urefu wa mkono, maana mrefu hujisokota. Fundo livutwe lizame ndani ya ujazo, lisionekane. Mkono mmoja ukae chini ya fremu uisikie ncha ya sindano ikitokea, na kidole cha juu kivae kile kikofia cha chuma, la sivyo kesho hamtashika jembe. Msijisumbue na udogo wa mishono. Mshono mkubwa ulio sawasawa hupendeza kuliko mdogo uliopinda pinda. Mistari isiachane zaidi ya kiganja kimoja, ndipo ujazo hautahama blanketi likifuliwa. Mwisho fumueni bandi, punguzeni kingo mkiwa na mwenye blanketi hapo, kisha kunjeni bitana ije juu mshone pindo.

Na tafadhali hesabuni sindano kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Ikipungua moja, hakuna kwenda nyumbani mpaka ipatikane. Mtoto atalala hapo.

Je, inachukua muda gani? Watu sita kuzunguka fremu moja, tukianza saa nane mchana na kuacha jua likipungua, tulimaliza alasiri tatu, na maongezi yalikuwa mengi. Mwanzoni akina mama wenyewe walihesabu mistari iliyobaki kama mtu anayepalilia shamba la mwingine. Kufikia la tatu hakuna aliyehesabu. Watu hushona macho yakiwa chini, na macho yakiwa chini mdomo husema yale ambayo kwenye mkutano rasmi hauyasemi. Hapo ndipo tulipojua ni nani hajalipa karo, nani anapigwa nyumbani, na nani anaogopa kwenda kupimwa. Sisi tulikuwa tukiandika ripoti za kikundi hicho kwa miaka miwili na hatukuwa na habari.

Juu ya kuuza tuseme ukweli. Blanketi lililoshonwa kwa mkono halitashindana kwa bei na duveti la mitumba sokoni, na mtu asiwadanganye. Tunashauri matatu ya kwanza yabaki majumbani mwenu. Mkiwa mmezoea mkono, ndipo mshone la kuuza. Na hapo wekeni daftari la kitambaa, uzi na masaa ya kila mtu, ili bei mnayotaja muweze kuieleza bila kuona haya. Mteja anayelipia kazi ya mkono yupo, lakini ni mmoja mmoja. Ikija oda kubwa ya kufanana, ipokeeni kama itawalipa, ila siku moja ya wiki ibaki ya mablanketi yenu.

Yule mama mzee alianza tena. Ukanda wa kijana wake hakuwa nao, lakini alipekua sanduku akapata mfuko wa shati lile la shule, mfuko tu, ambao zamani aliubandua ili azibe tundu la shati la mdogo wake. Safari hii aliuweka katikati kabisa. Tulishona sote kuuzunguka, na ilipofika zamu ya ule mfuko, fremu nzima iliacha sindano ikamwachia yeye.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

Nyumbani kwa nani kuna mwanga wa kutosha alasiri, na nafasi ya fremu?

Katika kazi zetu za sasa, ni hatua gani tunayoilipia mtu wa nje, na kwa nini? Tuliipima, au tuliambiwa tu?

Ni nguo gani kuukuu iliyo nyumbani kwako ambayo hungependa ikatwe bila wewe kuwapo?