Intaneti na Ujirani: Tafiti Ziaminiwe kwa Kiasi Gani?

Utangulizi

Ni nadra kusoma tasnifu ya uzamili au insha ya muhula bila kukumbana na kauli kwamba "utafiti umeonyesha". Kauli hii hutumiwa mithili ya muhuri: ikishapigwa, mjadala hufungwa. Miongoni mwa madai yanayopigiwa muhuri huo ni kwamba intaneti imewatenga watu na jamaa zao, imeua ujirani na kuwaacha vijana katika upweke. Makala haya yanadhamiria kuchunguza dai hilo kwa kurejelea tafiti tatu mashuhuri zilizofanywa Marekani na Kanada, kisha yaonyeshe anayoweza kujifunza mwanafunzi wa Kiswahili kabla hajaenda nyanjani na hojaji yake.

Pittsburgh: Upweke Uliotangazwa Kisha Ukafifia

Mwaka 1998, Robert Kraut wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliohusu familia za mji wa Pittsburgh. Familia hizo zilipewa tarakilishi na kuunganishwa na intaneti, kisha zikafuatiliwa kwa mwaka mmoja hadi miwili. Uchanganuzi ulihusu watu 169 kutoka nyumba 73. Ilibainika kwamba kadiri mtu alivyotumia intaneti zaidi ndivyo mazungumzo yake na watu wa nyumbani yalivyopungua, idadi ya marafiki ikashuka, na upweke na huzuni vikaongezeka. Mabadiliko yenyewe yalikuwa madogo, lakini vyombo vya habari viliyatangaza kwa kishindo.

Wakosoaji walitaja kasoro mbili. Kwanza, hapakuwa na kundi la watu wasiotumia intaneti ambalo lingelinganishwa na lile lililochunguzwa. Pili, familia hazikuteuliwa kwa nasibu. Baadhi ziliteuliwa kwa sababu zilikuwa na mwana katika shule ya upili, na nyingine kwa sababu mmoja wao alihudumu katika bodi ya shirika la kijamii. Hawa walikuwa watu waliokwisha kuzama katika shughuli za jamii. Aliye kileleni, hata asiposukumwa na yeyote, aghalabu huteremka. Kijana anapomaliza shule hutawanyika na wenzake. Mjumbe wa bodi humaliza muhula wake. Je, intaneti ilaumiwe kwa hayo?

La kutia moyo ni kwamba watafiti wenyewe walirudi kuyapima waliyoyasema. Mwaka 2002 walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 208 wa mradi uo huo, wakaeleza kwamba athari mbaya zilikuwa zimefifia kwa kiasi kikubwa. Waliwachunguza pia watu 406 waliokuwa wamenunua tarakilishi au runinga mpya, wakapata kwamba kwa jumla intaneti iliambatana na mawasiliano na ushirikiano zaidi. Hata hivyo, walionufaika hasa ni wachangamfu na wenye watu wa kuwategemea. Kwa wasiopenda kuchangamana, matokeo hayakuwa mazuri. Ajabu ni kwamba makala ya 1998 ingali inanukuliwa peke yake, kana kwamba ile ya 2002 haikuandikwa.

Toronto: Majirani Waliounganishwa

Keith Hampton na Barry Wellman walichunguza kitongoji kipya karibu na Toronto, Kanada, walichokiita Netville. Hampton aliishi humo kati ya 1997 na 1999. Kati ya nyumba 109, nyumba 64 ziliunganishwa na intaneti ya kasi. Zilizosalia hazikuunganishwa ingawa wenyewe walikuwa wameahidiwa huduma hiyo. Hali hii ilizaa jambo ambalo Pittsburgh ililikosa: kundi la kulinganishia. Kwa wastani, waliounganishwa waliwajua kwa majina majirani wapatao 25, ilhali wasiounganishwa waliwajua 8. Aidha, walizungumza na majirani wengi zaidi na kuwatembelea wengi zaidi. Walitumia barua-pepe pia kujipanga na kumkabili mjenzi wa nyumba zao kuhusu kasoro za ujenzi.

Je, Netville inathibitisha kwamba intaneti hujenga ujirani popote? La hasha. Kitongoji kilikuwa kimoja, kipya, na wakazi wote walikuwa wageni waliohitaji kufahamiana. Kinachothibitika ni kwamba dai la intaneti kuua ujirani kila mahali haliwezi kuwa kweli.

Marekani: Swali Moja, Maana Nyingi

Mfano wa tatu unamgusa mwanaisimu moja kwa moja. Mwaka 2006, Miller McPherson, Lynn Smith-Lovin na Matthew Brashears walilinganisha majibu ya Wamarekani waliohojiwa mwaka 1985 na 2004. Waliohojiwa waliulizwa ni akina nani walizungumza nao mambo muhimu katika miezi sita iliyopita. Wastani wa watu waliotajwa ulishuka kutoka 2.94 hadi 2.08, na waliosema hawana yeyote wakazidi maradufu. Wengi walihitimisha kwamba Marekani imekuwa nchi ya wapweke, na baadhi wakainyoshea kidole intaneti.

Mwaka 2009, Claude Fischer alihoji iwapo tofauti hiyo haikutokana na namna data ilivyokusanywa. Mwaka 2013, Anthony Paik na Kenneth Sanchagrin walionyesha kwamba mchango wa wahoji ulikuwa mkubwa: baadhi yao walirudi na majina machache mno kuliko wenzao. Isitoshe, mwaka 2004 Peter Bearman na Paolo Parigi walikuwa wamekwisha kubainisha kwamba wengi wa waliosema hawakuzungumza na mtu walimaanisha tu kuwa hawakuwa na jambo walilolihesabu kuwa "muhimu". Kilichodhaniwa kuwa upweke kilikuwa, kwa sehemu, suala la semantiki.

Funzo kwa Mtafiti wa Kiswahili

Tatizo hilo huongezeka hojaji inapotafsiriwa. Neno "ndugu" laweza kumrejelea mtu wa tumbo moja, binamu, mtu wa kabila moja au hata mwenzi katika imani. Anayeuliza "Una ndugu wangapi wa karibu?" asishangae kupata majibu yasiyolinganishika. Vivyo hivyo, anayepima ushirikiano kwa kuhesabu mikutano iliyohudhuriwa atamwona mpweke mtu ambaye mchango wake wa mazishi na harambee hupitia kundi la WhatsApp.

Chukua pia mfano wa mwanafunzi anayetaka kuonyesha kwamba ujumbe wa simu unaharibu Kiswahili sanifu. Anagawa hojaji kwa wenzake arubaini bwenini, anapata kwamba wenye kutuma ujumbe mwingi wana makosa mengi ya tahajia, kisha anahitimisha. Maswali yafuatayo yangemfaa yeye na msomaji wake:

1. Waliohojiwa waliteuliwaje, na wanawakilisha nani?
2. Wamelinganishwa na nani?
3. Je, huenda anayekosea tahajia alikuwa akikosea kabla hajamiliki simu?
4. Swali lilieleweka vilivyo kwa kila aliyeulizwa?
5. Tofauti iliyopatikana ni kubwa kiasi gani?
6. Kuna mwingine aliyerudia utafiti huo, naye alipata nini?

Hitimisho

Si nia ya makala haya kusema kwamba tafiti hazina maana. Kasoro za utafiti wa Pittsburgh na ule wa 2006 zilifichuliwa na tafiti nyingine, wala si na porojo za vijiweni. Kinachohitajika ni msomaji kuukubali utafiti mmoja kama shahidi mmoja: asikilizwe, aulizwe maswali, kisha wasikilizwe mashahidi wengine. Mwamba ngoma huvutia kwake, na msomaji naye huvutia kwake anapouchagua utafiti unaomuunga mkono na kuufumbia macho unaompinga. Mzazi atakayemnyang'anya mwanawe simu, na mhadhiri atakayewaambia wanafunzi kwamba mtandao unaiua lugha yao, wote wanatoa hukumu. Haki inadai kwamba kabla ya hukumu ushahidi upimwe. Za kuambiwa, changanya na zako.