Kabla hujanunua jiko la kubanikia nyama

Msomaji, ukishuka matatu Dagoretti Market upande wa vichinjio, au ukipita Kenyatta Market Jumamosi adhuhuri, huna haja ya kuulizia njia ya kwenda penye nyama choma. Moshi wenyewe hukuongoza. Siku hizi moshi huo umeanza kuhamia majumbani. Katika nyumba za Lavington, Kileleshwa na Westlands kuna walioona kwa jamaa zao wa Marekani, au katika simu, jiko linaloivisha nyama polepole kwa moshi wa tembe za mbao, nao wanalitaka. Huko Kangemi na Kawangware kuna waliotengenezewa pipa na fundi wa jua kali na wanafanya kazi ile ile kwa makaa. Makala haya yanawahusu wote, kwa kuwa hatari zinazowakabili ni zile zile.

Wengi huanza kwa kuuliza bei. Lililo muhimu zaidi ni hili: jiko litakaa wapi? Ikiwa jibu lako ni roshani ya ghorofa ya tano, soma hadi mwisho kabla ya kutoa pesa zako.

Jinsi linavyofanya kazi

Jiko la peleti lilibuniwa katika jimbo la Oregon, Marekani, na Joe Traeger, aliyepata hataza yake mwaka wa 1986. Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa vijiti vifupi, mfano wa chakula cha sungura kinachouzwa katika maduka ya mifugo. Hutiwa ndani ya kisanduku kilicho kando ya jiko. Parafujo inayozungushwa na mota huzisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha chuma ambamo moto huwaka. Feni hupuliza hewa, nacho kidhibiti cha umeme hupima joto na kuamua peleti zaidi ziingie au zisubiri. Juu ya moto kuna bamba la chuma linalopokea mafuta ya nyama na kuyateremsha kwenye kopo.

Bamba hilo ndilo lenye maana kubwa kwa afya yako. Mafuta yakidondokea makaa mekundu huungua na kutoa moshi mzito wenye kemikali zinazoweza kusababisha saratani, na moshi huo hupanda na kuganda juu ya nyama. Nayo nyama inapolambwa na ndimi za moto hadi ikawa nyeusi, kemikali nyingine huzaliwa ndani ya nyama yenyewe. Jiko linalotenganisha moto na nyama hupunguza mambo hayo mawili. Haliyaondoi kabisa, maana moshi wa kuni pia una kemikali hizo.

Usidanganywe basi na muuzaji anayekuambia kwamba nyama ya moshi ni chakula cha afya. Mnamo Oktoba 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikutanisha wataalamu 22 kutoka nchi 10. Waliiweka nyama iliyosindikwa, ikiwemo ile inayotiwa chumvi au moshi ili idumu au ipate ladha, katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya utumbo mpana. Walikadiria kwamba kila gramu 50 za nyama ya aina hiyo zinazoliwa kila siku huongeza hatari hiyo kwa asilimia 18 hivi. Maneno ya kuangaliwa hapo ni "kila siku". Mbuzi wa Krismasi hana uzito sawa na soseji ya kila asubuhi. Kwa nyama nyekundu kwa jumla, shirika la World Cancer Research Fund hushauri mtu asipite gramu 350 hadi 500 za nyama iliyokwisha kupikwa kwa juma. Anayegawana kilo ya mbuzi na mwenzake Ijumaa, kisha akarudia Jumapili, amekaribia mpaka huo kabla juma halijaanza.

Stima na mvua

Jiko la peleti haliwezi kufanya kazi bila umeme. Ukiletewa na ndugu kutoka Marekani, tazama kwanza kibandiko kilicho nyuma: huko wanatumia volti 120, nasi tunatumia 240. Ukilichomeka hivi hivi, kidhibiti kitaungua siku hiyo hiyo. Tena ni chuma kitupu kilichosimama uani, kwa hivyo plagi iwe na waya wa ardhini na isilowe.

Stima zikipotea katikati ya kazi, na kwetu hupotea, feni husimama na moto hubaki ukifukuta. Unaweza hata kurudi nyuma kupitia parafujo kuelekea kisanduku cha peleti. Wakati huo nyama iko vuguvugu, na hali hiyo ndiyo vijidudu huipenda. Usingoje saa mbili ukitumaini stima zitarudi. Ihamishie kwenye jikoni ya gesi uimalizie huko. Ndiyo sababu naona kwamba mtu asiye na jiko lingine karibu hana haja ya kununua hili.

Peleti nazo zikipata unyevu hufura na kukwama. Msimu wa mvua ndefu, kuanzia Machi hadi Mei, ziweke ndani ya ndoo yenye kifuniko. Na uliza zimetokana na nini. Humu nchini kuna peleti zinazotengenezwa kwa ajili ya matanuri ya viwanda na majiko ya kawaida, wala si kwa ajili ya kufukiza chakula. Unga wa mbao kutoka karakana ya seremala huenda umechanganyika na gundi ya plaiwudi na vanishi. Vipande vya nguzo za stima ni vibaya zaidi, kwa kuwa nguzo nyingi hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki ili zisiliwe na mchwa. Hiyo ni sumu, na kuungua hakuiondoi.

Wanaotumia kuni au vibanzi wachague mti mgumu, mkavu, usiotoa utomvu: mwembe, mpera, mparachichi, mkahawa uliopogolewa. Msonobari na saipresi hutoa moshi wa masizi na uchungu. Wazee wetu walilijua jambo hili. Wamaasai hufukiza vibuyu vya maziwa kwa mzeituni mwitu, nao Wakalenjin huchagua mti wao wa senetwet kwa mursik. Hawakuokota tu kijiti chochote njiani.

Pipa la jua kali

Kwa mwenye mfuko mwembamba, fundi wa Kamukunji anaweza kukutengenezea pipa lenye kifuniko na bomba la moshi, nalo litaivisha nyama vizuri sawa na lile la dukani. Muulize pipa lilibeba nini. La mafuta ya kupikia linafaa. Lililobeba dawa au rangi usilikubali hata kama limeoshwa. Kataa pia mabati yenye zinki kwa sehemu inayokaa karibu na moto, kwa kuwa yakipata joto kali hutoa moshi unaoleta homa na kifua kubana. Kabla ya kuweka nyama mara ya kwanza, washa moto mkali bila kitu chochote kwa saa moja ili rangi na grisi viungue.

Siri ni kusogeza makaa upande mmoja na kuweka nyama upande wa pili, na sufuria ya maji chini yake kukinga mafuta. Kwa njia hiyo umepata lile bamba la Traeger bila gharama. Funika, kisha rekebisha tundu za hewa hadi joto lifike kati ya digrii 107 na 120 za Selsiasi. Moshi ukitoka mweupe mzito unaochoma macho, hewa haitoshi. Ukiwa mwembamba, karibu hauonekani, ndio unaofaa. Paja la mbuzi huchukua saa tatu hadi tano. Kabla ya hapo, kuilaza nyama kwenye ndimu, kitunguu saumu na rosmari ndani ya friji husaidia kupunguza baadhi ya zile kemikali za kuungua.

Usihukumu kwa rangi

Nyama iliyobanikwa kwa moshi huwa na mviringo wa waridi chini ya ganda la nje hata ikiwa imeiva barabara, kwa sababu gesi zilizo katika moshi hushikana na rangi ya nyama. Kwa upande mwingine, nyama ya kusaga inaweza kugeuka kahawia kabla vijidudu havijafa. Kwa hivyo nunua kipimajoto cha kuchomeka. Ni kitu kidogo, na kwangu mimi kina faida kuliko jiko lenyewe. Kichomeke katikati ya mnofu, mbali na mfupa. Kuku afike digrii 74. Nyama ya kusaga na soseji 71. Kipande kizima cha ng'ombe au mbuzi 63, kisha kipumzike dakika tatu. Nguruwe kutoka Ndumbuini au penginepo ningependa umfikishe 71, kwa ajili ya tegu.

Wanaofuata mapishi ya Kimarekani ya kidari cha ng'ombe wajue jambo moja ambalo mapishi hayo hayasemi. Huambiwa wangoje hadi nyama ifike digrii 95. Nairobi iko juu sana kutoka usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye digrii 94 au 95 hivi. Utangoja na kungoja huku nyama ikikauka. Ikifika 90 na uma ukipenya bila kukwama, itoe.

Na nyama yenyewe, iwe umeinunua City Market au kwenye bucha la mtaani, iwe na mhuri wa mkaguzi. Moshi haugeuzi nyama mbovu kuwa njema; huficha harufu tu.

Hatari isiyo na harufu

Sasa turudi kwenye ile roshani. Makaa na peleti vinapoungua hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikohozi mtu. Moshi unaouona unaweza kukufukuza, lakini gesi hii haikufukuzi. Ikiingia mapafuni hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu ikishajaa gesi hiyo haiwezi kupeleka oksijeni kwenye ubongo na moyo. Ni gesi ile ile inayochangia kuipa nyama yako ule mviringo wa waridi.

Roshani yenye ukuta pande tatu ni kama chumba. Upepo ukigeuka, gesi huingia sebuleni kwako, au kwenye chumba cha mtoto wa jirani wa juu. Jiko liwe nje kabisa, mita tatu au zaidi kutoka dirisha lolote, na wenye pumu, wajawazito na watoto wakae upande ambao upepo unatoka. Ikiwa ghorofa yenu haina uwanja, kula choma nje na upikie oveni nyumbani. Najua jibu hilo halipendezi.

Lakini wengi hudhurika baada ya karamu. Nyama imeliwa, ni Julai, baridi ya Nairobi inauma, na makaa bado ni mekundu. Mtu anaona ni hasara kuyaacha nje, anayaingiza ndani ili chumba kipate joto, anafunga mlango na dirisha na kulala. Katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Kuna wanaoamini kwamba sufuria ya maji juu ya jiko huinyonya gesi. Hainyonyi. Makaa yaliyofunikwa na majivu hayaonyeshi mwali, lakini yanaendelea kutoa gesi.

Dalili za kwanza ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na baada ya mlo mkubwa na bia mbili tatu ni rahisi kudhani ni shibe. Watu wawili au watatu wakiumwa na kichwa kwa pamoja, shuku jiko. Fungua mlango, mtoe kila mtu nje, kisha kimbilia hospitali hata kama wameanza kupata nafuu. Usimpe maziwa, hayaondoi gesi kwenye damu, na aliyepoteza fahamu yanaweza kumsonga. Kile kifaa cha kubana kidole ambacho wengi walinunua wakati wa Korona mwaka wa 2020 hakitakusaidia pia, kwa kuwa hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi katika damu, na kinaweza kuonyesha 98 huku mtu anazimia. Dawa ni oksijeni. Katika hewa ya kawaida damu huchukua saa nne hadi tano kuondoa nusu ya gesi hiyo. Kwa oksijeni safi ya hospitalini, karibu saa moja na nusu.

Ukimaliza kupika, funga tundu zote za pipa ili makaa yakose hewa, au, ukitumia jiko la peleti, liache lijizime lenyewe kwa utaratibu wake kabla ya kuchomoa plagi. Mafuta yakishika moto, funika, usimwagie maji. Majivu yabaki nje hadi asubuhi, kisha yalowe kabla ya kutiwa kwenye takataka. Na ukisugua wavu kwa brashi ya waya, upanguse kwa kitambaa kibichi baadaye, kwa maana waya mmoja ukikatika na kunata kwenye nyama unaweza kukupeleka kwenye chumba cha upasuaji.